Maswali na Majibu: Safari ya Kuonja Ulanzi, Komoni na Kimpumu

Maswali ya juma hili yote yanahusu watu wanaotaka kutumia mwisho wa juma kutembelea wapika pombe na wagema wa Nyanda za Juu Kusini. Nimefurahi kuyapokea, kwa sababu ufundi huu tunaupita kila siku bila kuuheshimu.

Mimi na mume wangu tunaishi Dodoma. Tumepanga kulala Iringa siku mbili mwezi Agosti ili tuonje ulanzi penye asili yake. Tuanzie wapi?

Ningewaomba muanze kwa kubadilisha mwezi. Ulanzi ni utomvu wa mianzi, na mianzi hiyo hutoa machipukizi wakati mvua zimeshika. Kwa hiyo atakayekuja kati ya Januari na Aprili ataukuta kwa wingi, lakini wa Agosti atakuta umeadimika na vilabu vimeegemea komoni, ambayo hupikwa kwa unga wa mahindi na kimea cha ulezi na haingoji mvua. Komoni nayo inastahili safari, ila siyo mliyoikusudia.

Mkija wakati wa msimu, msiishie kilabuni. Ombeni mwenyeji awapeleke asubuhi kwenye mianzi yenyewe, katika vijiji vya Kilolo au Mufindi, mkamwone mgema akifanya kazi. Hukata ncha ya chipukizi changa, huning'iniza hapo mbeta, yaani chombo cha pingili ya mwanzi, kisha hurudi asubuhi na jioni kukusanya kilichodondoka na kuchonga upya mahali palipokatwa ili utomvu uendelee kutoka. Haongezi sukari wala hamira. Chachu ya asili hufanya kazi yake yenyewe, na ndiyo maana ulanzi wa asubuhi si ulanzi wa kesho yake: ukiwa mbichi huitwa mtogwa, mtamu na mwepesi, na ukikaa siku moja mbili huwa mkangafu, mkali na wenye uchachu, ambao kilevi chake hufikia takriban asilimia 5, sawa na bia ya kawaida. Onjeni yote mawili, tena kwa mpangilio huo, kwa kuwa ulimi uliokwisha kuzoea mkangafu hauusikii tena utamu wa mtogwa.

Njia ya lami kutoka Dodoma hupita Mtera, na mkiondoka mapema mtapata nafasi ya kufika Kalenga, kwenye makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954. Mkifika kijijini, "Kamwene" ndiyo salamu ya kuanzia.

Nilinunua ulanzi Iringa, nikaujaza kwenye chupa ya maji na kuufunga vizuri ili niwapelekee ndugu zangu Dar es Salaam. Chupa ilipasuka ndani ya basi na kulowesha mizigo ya abiria wengine. Nilikosea nini?

Ulikosea pale ulipoufunga vizuri. Ulanzi haukomi kuchacha kwa sababu umenunuliwa. Chachu huendelea kula sukari na kutoa gesi, na gesi isipopata pa kutokea husukuma chupa hadi ishindwe. Joto huharakisha jambo hilo, na wewe ulikuwa unatoka kwenye baridi ya Iringa, ukateremka Kitonga na kuingia kwenye joto la Mikumi na Morogoro, mzigo ukiwa umefungiwa kwenye buti la basi. Anayelazimika kuubeba aache nafasi ya kutosha juu ya chupa, asikaze kizibo, ausimamishe wima miguuni pake na aulegeze kila basi linaposimama. Hata hivyo, kitakachofika Dar es Salaam kitakuwa mkangafu tu, wala si kile ulichokionja kijijini. Ushauri wangu wa dhati ni kwamba uwalete ndugu zako kwenye ulanzi, badala ya kuwapelekea ulanzi ndugu zako.

Shikamoo. Ninafanya kazi Mbeya mjini na nitapokea wageni wanaosema wamechoshwa na bia za chupa. Niwapeleke wapi?

Marahaba. Wapeleke Tukuyu, mwendo wa kilomita zipatazo 70, wakaonje kimpumu. Hii ni pombe ya ulezi, na upekee wake uko katika namna ya kuinywa: huletwa nzito pamoja na machicha yake, humiminiwa maji ya moto, kisha hunyonywa kwa mrija, na kinachopungua huongezewa maji ya moto tena mpaka ladha ya ulezi iishe. Katika ukungu na manyunyu ya Rungwe, kinywaji cha moto kina maana ambayo mtu wa pwani hawezi kuielewa akisimuliwa. Haiharakishwi. Watu huketi kuizunguka na mazungumzo huchukua jioni nzima, kwa hiyo Daraja la Mungu au Ziwa Ngozi liwe la asubuhi, na kimpumu iwe ya mwisho, dereva akiwa mtu asiyekunywa.

Jambo moja nalisisitiza kwa wageni wote. Mpika pombe, ambaye mara nyingi ni mama aliyesomesha watoto kwa kazi hiyo, ni fundi kama fundi mwingine: ameloweka ulezi, ameuotesha, ameukausha na kuusaga kuwa kimea kabla ya kuwasha moto. Mlipe bei anayotaja, mwulize kwa adabu alivyopika, na usimpige picha yeye wala wateja wake kabla ya kuomba ruhusa.

Nitajuaje kwamba pombe ya kienyeji ninayopewa ni salama?

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hofu yangu ya kwanza ni hayo maji, kwa sababu maji yasiyochemshwa huleta maradhi ya tumbo kuliko pombe yenyewe. Pili, angalia vyombo: dumu lililowahi kubeba dawa za shambani au mafuta halifai hata likioshwa mara ngapi. Tatu, uliza kuhusu nafaka. Mahindi yaliyoota kuvu huweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kuchachuka. Mpika pombe mzuri haoni haya kukuonyesha gunia lake, na mimi huondoka mahali ambapo swali hilo linaleta hasira.

Gongo ni habari nyingine kabisa. Ni pombe ya kukenekwa, ni haramu kisheria, na inaweza kuwa na methanoli inayopofusha na kuua. Usiikubali hata ukikaribishwa kwa upendo.

Mke wangu hanywi pombe kwa sababu ya imani yake. Je, atabaki hotelini?

Hapana. Aende mashambani kuona kugema, na mezani aagize togwa ya unga wa mahindi na kimea, iliyotengenezwa siku hiyohiyo. Mtogwa wa ulanzi asiuonje kwa kudhani ni maji matamu tu, kwa kuwa huanza kuchacha ukiwa bado ndani ya mbeta.