Nyumba ya Babu Ujiji: Tulivyoikarabati Tukiwa Ndani

Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukisikia "ko, ko", sauti nzito, lipu imeshika. Ukisikia "po, po", kama unagonga mtungi mtupu, ujue lipu imeshaachana na ukuta na siku yoyote itashuka. Haya alinifundisha fundi mmoja mzee, Januari 2020, sebuleni kwetu Ujiji, mvua ikinyesha. Nilikuwa nimeshazika mifuko 31 ya saruji kwenye zile kuta. Mzee aligonga kuanzia mlangoni mpaka dirishani. Po, po, po. Akafuta kidole kwenye suruali, akaniuliza kwa upole: "Mama, nani alikwambia huu ukuta unaumwa?"

Sikuwa na jibu. Haukuwa unaumwa.

Nyumba ni ya babu mzaa baba. Haiko mbali na mnara wa Livingstone, kwa hiyo wanangu wamezoea kuelekeza wageni wanaokuja kuona pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Kuta ni za tofali mbichi, unene wa dhiraa moja na ushee. Mbele kuna baraza, katikati ukumbi, vyumba huku na huku, nyuma uani kwenye jiko na choo. Sisi tulikuwa Dar, tunapanga vyumba viwili Mbagala. Mume wangu alipohamishiwa Kigoma mwishoni mwa 2018, tukaona badala ya kutafuta nyumba ya kupanga Mwanga au Gungu, tukakae na shangazi, ambaye alikuwa amebaki peke yake na kuku wake, tukitengeneza kidogo kidogo.

Kila mtu alitushauri tupange kwanza mahali pengine, tukarabati, ndiyo tuhamie. Hela ya kufanya hivyo hatukuwa nayo. Leo na wewe nakwambia kinyume cha ushauri ule: kama paa halitaanguka na ukuta haujapasuka wa kutisha, ingia ukae. Kaa masika nzima kabla hujagusa kitu. Nyumba utaijua usiku wa mvua, ukitembea na ndoo. Utajua dari linavuja wapi, upepo wa ziwani unaingilia dirisha gani, na kwa nini wazee walipaacha pale bila mlango. Mimi nilikaa miezi mitano tu ya mwanzo nikakosa subira. Nikamleta kijana niliyepewa namba yake kwenye duka la vifaa, tukaanza kupiga lipu ya saruji Juni 2019, kiangazi, ukuta ukiwa mkavu na kila kitu kikionekana chema.

Lakini kabla ya saruji kulikuwa na jambo moja nililofanya sawasawa, nalo ni kikao. Babu aliacha watoto sita kwa wake wawili, na nyumba haikuwahi kugawanywa. Ukitia hela kwenye nyumba ya warithi wengi bila maandishi, utakuja kusikia moja kati ya mawili: "ametaka kutunyang'anya", au "sasa imependeza, tuiuze tugawane". Tulitandika mikeka ukumbini. Waliokuwa mbali tukawapigia simu, spika wazi. Shangazi alishateuliwa zamani na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, kwa hiyo yeye ndiye aliyefungua kikao. Tukaandika muhtasari kwamba ninachotumia ni mchango wangu kwa nyumba ya ukoo, sinunui chumba wala ukuta; kwamba atakayekuja msibani au likizo hakosi pa kulala; na kwamba mwenyekiti wa mtaa ni shahidi. Kuandika ile sentensi ya "sinunui" kuliniuma, sikufichi. Tangu siku ile, hata hivyo, sijapigiwa simu ya usiku na baba mdogo yeyote. Kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, mwaka 2021, tuliongeza mstari mmoja tu: anayewasha taa ndiye anayelipa.

Turudi kwenye saruji, maana hapa ndipo wengi wanaharibu nyumba za wazee wakidhani wanaziokoa.

Ukuta wa udongo unakunywa unyevu na kuurudisha hewani. Mvua ikipiga unaloa kidogo, jua likitoka unakauka. Saruji haina tabia hiyo. Ni ngumu, na ukuta ulio nyuma yake ni laini na unacheza, kwa hiyo lipu inapata nyufa nyembamba kama unywele. Maji yanaingia kwenye nyufa, kutoka hayawezi. Yanakaa nyuma ya lipu na kuulainisha udongo taratibu, wewe nje unaona ukuta mzuri umenyooka. Mvua za mwishoni mwa 2019 kuingia 2020 zilikuwa kubwa, zikamaliza kazi. Kipande cha kwanza kilishuka usiku, upande wa chumba cha watoto. Wao walikuwa wamelala chumbani kwa shangazi, alhamdulillah. Asubuhi nilikigeuza: nyuma yake kumeganda udongo wa babu, unene wa viganja viwili. Lipu ilikuwa imeondoka na nyama ya ukuta.

Yule mzee alianzia mahali ambapo sikupategemea. Alitoka nje, akachutama, akatuonyesha kwamba ardhi ya uani ilikuwa juu kuliko msingi. Miaka na miaka ya kufagia, majivu na kifusi, ardhi imepanda mpaka imeufunika msingi wa mawe, na sasa udongo wa nje unagusana na tofali. Maji yanapanda ukutani kama mafuta kwenye utambi. Vijana wawili na sururu, siku tatu, wakashusha ardhi futi moja kuzunguka nyumba na kuchimba mtaro wa kupeleka maji barabarani. Haikuhitaji saruji hata kijiko. Watoto waliokota shanga na senti moja ya kikoloni, ile yenye tundu katikati, wakagombana juu yake wiki nzima. Kufika Agosti sehemu ya chini ya kuta, iliyokuwa na ukungu tangu nikiwa mdogo, ilikuwa imekauka.

Kiangazi hichohicho tulimalizana na paa. Hapo sina mengi: nunua bati nene kadiri mfuko unavyoruhusu (geji 28 ni nene kuliko 30, usichanganywe na namba), badilisha papi (mbao zinazobeba bati) zilizoliwa na mchwa badala ya kuzifunika, na utokeze ukingo wa paa nje ya ukuta zaidi ya nusu mita. Siku hizi watu wanapenda bati la msauzi la rangi na ukingo mfupi wa kisasa. Kwenye tofali la kuchoma sawa. Kwenye udongo, ukingo mfupi ni kuukaribisha mtaro ukutani.

Lipu ya pili ikawa ya udongo. Mzee alitaka udongo wa kichuguu, mchanga wa mtoni, na nyasi kavu zilizokatwa fupi kama kidole. Udongo ulilowekwa wiki nzima kwenye shimo uani, na kila Jumamosi watoto wakaukanyaga kwa miguu pamoja na wenzao wa mtaani. Sijawahi kupata vibarua wa furaha namna ile. Malipo yalikuwa mihogo ya kukaanga. Vipimo mzee hakutupa. Alisema kila kichuguu kina udongo wake, tujaribu. Tukapiga viraka kumi na viwili kwenye ukuta wa jiko, kila kimoja na kiasi chake cha mchanga, binti yangu akaviandika namba kwa mkaa. Tukavisubiri vikauke. Kiraka kikipasuka, udongo umezidi, ongeza mchanga. Ukikisugua kwa kiganja kikatoa vumbi, mchanga umezidi. Namba saba ndiyo ilishinda: sehemu moja ya udongo, mbili na nusu za mchanga. Wewe usiichukue namba saba yangu, piga viraka vyako.

Juu yake tukapaka chokaa, mikono minne myembamba, kila mmoja ukikauka ndipo unafuata. Hapa watoto waondoke. Chokaa mbichi inachoma macho na ngozi. Vaa miwani na glavu, na weka ndoo ya maji safi karibu.

Sasa kuhusu kuishi humo ndani, maana ndiko ugomvi unakozaliwa. Tulijiwekea kwamba chumba kinafungwa kimoja tu kwa wakati, na jiko na choo havifungwi pamoja hata fundi aape. Kazi inasimama alasiri, vifaa vinakusanywa, ukumbi unafagiliwa, watu wanakula. Mafundi walikula nasi uani, ugali wa muhogo na migebuka, au dagaa wa mawese mwisho wa wiki hela inapokata. Shangazi alikuwa anawapima hapo. Alimrudisha kijana mmoja kwa sababu hakuosha mwiko wake jioni. Nilidhani ni ukali wa uzee. Baadaye nikaona nyumba ya jirani alikokwenda yule kijana, nikanyamaza.

Mwaka 2021 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda yakala ufukwe, na watu wa kandokando wakahama. Binamu yangu alikuja jioni na watoto wanne, magodoro na sufuria. Chumba tulichokuwa tumekimaliza juzi, kilichokuwa kiwe changu na mume wangu, ndicho kilichokuwa tupu. Walikaa miezi saba. Nitasema ukweli: wiki ya pili nililia chooni. Kuta zangu nyeupe zilikuwa na viganja vya mawese mpaka kimo cha mtoto wa miaka sita. Mume wangu akaniambia, "Si tuliandika kwenye muhtasari?" Tuliandika. Walipoondoka tulipiga chokaa mikono miwili, kazi ya asubuhi mbili, viganja vikapotea. Ingekuwa rangi ya mafuta ningekuwa bado nasugua. Kwa nyumba yenye watoto, chokaa haina mpinzani: ni rahisi, na haikuonei haya ukirudia kila mwaka.

Mlango wa mbele ndio uliotuchukua muda mrefu kuliko chumba chochote. Ni wa mbao nzito, fremu yake imechongwa maua na mnyororo, na shangazi anasema aliukuta alipozaliwa, kabla ya Vita ya Pili ya Dunia. Alishakuja bwana mmoja na gari, akatoa bei ambayo ingelipa bati zote. Nilishawishika kwa siku mbili. Kama una mlango wa namna hiyo, jua kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inautaja waziwazi: mlango au fremu ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940 ni kitu kinacholindwa. Kabla ya kuzungumza bei na mtu yeyote, nenda kaulize watu wa Mambo ya Kale. Sisi hatukufika huko, kwa sababu shangazi alimuuliza yule bwana: "Na mimi nitaingilia wapi?"

Ulikuwa na rangi juu ya rangi: kahawia, kijani, na chini kabisa bluu iliyokoza. Bluu ile, kumbe, ilikuwa masalio ya rangi ya boti ya baba mkubwa. Usiukwangue mlango wa namna hii ukiwa mkavu. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linaharibu ubongo wa watoto. Tulilowesha, tukatumia msasa wa maji, tukatandika turubai chini na kukusanya kila uchafu, watoto wakalala kwa jirani siku nne. Kwenye petali za maua nilitumia mswaki wa zamani. Jioni ya tatu ilijitokeza alama ya patasi iliyoteleza, fundi wa wakati huo alikosea jani moja akalificha kwa kulifanya chipukizi. Bluu kidogo tumeiacha ndani ya michirizi, shangazi hakutaka itoke yote.

Kilichobaki mwaka huu ni baraza. Limekatika ukingo upande wa kulia na mawe mawili yanacheza. Shida ni wazee wa kahawa, ambao wanakaa hapo kila siku baada ya alasiri na wana bao lao, na wamekataa kuhamia kwa jirani kwa sababu, wanasema, kwa jirani kuna jua. Wamekubali wiki mbili tu, baada ya Idi. Mchanga nimeshaununua. Umemwagwa uani, na kuku wa shangazi wanaogea humo.