Jibu: teke la semi-otomatiki kwa risasi nzito
Mkuu uliyeuliza kutoka Sikonge, umetaka kujua kati ya Benelli M2 na Beretta A400, bunduki mbili za marisau za semi-otomatiki (hujipakia zenyewe kila ukipiga), ipi itakuonea huruma bega ukipiga risasi za geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) zenye marisau ya gramu 50. A400. Hii ni ya gesi: sehemu ya gesi ya baruti inasukuma pistoni, hivyo teke (bunduki kukurudia begani) linasambaa badala ya kukupiga kwa mkupuo. M2 inategemea bunduki yenyewe irudi nyuma ndipo bolti, kipande kinachoziba nyuma ya mtutu, ifunguke. Nyepesi kubeba, lakini bega utalisikia. Tatizo la gesi ni masizi: pistoni ikikwama, ganda la risasi iliyopigwa halitoki. Ifute, paka mafuta kidogo sana, maana vumbi la kiangazi Tabora hugandia mafuta. Halafu kama unawinda ndege kama kanga, gramu 50 za nini? 36 zinatosha.