Kulala garini feri ikivuka usiku?
Kwenye feri nyingi hairuhusiwi, ndugu. Meli ikishaondoka, sitaha ya magari hufungwa mpaka karibu na kufika. Kwa hiyo panda juu na begi dogo: pasipoti, dawa, chaja, sweta (viyoyozi vya usiku havina huruma). Vuta breki ya mkono, acha gari kwenye gia, zima king'ora. Mtikisiko wa meli hukiwasha tena na tena, asubuhi betri imekufa. Kama bahari hukuchafua tumbo, omba kabini ya katikati, sitaha ya chini, huko myumbo ni mdogo. Dawa ya kichefuchefu imeze kabla ya safari. Ukishaanza kutapika haikai tumboni. Simu iweke hali ya ndege, mtandao wa setilaiti wa melini hutafuna salio. Saa ya kufika kwenye tiketi kwa kawaida ni ya nchi uendako.