Kulala njiani ukiwa na karavani

Umeuliza kama utaweza kilomita 1,800 kwa siku tatu huku unakokota karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari? Hapana, ndugu yangu, utajiumiza. Gawa kwa siku tano au sita za kuendesha. Kilomita 300 hadi 360 kwa siku zinatosha kabisa, maana kwenye vilima na kwenye foleni karavani inakula muda sana.

Muhimu kuliko umbali ni saa ya kufika. Panga ufike saa kumi jioni, jua bado lipo. Kurudisha karavani nyuma gizani, mwenzio anapunga tochi usiyoielewa, ndiko kunakovunja taa na ndoa. Kwa kulala usiku mmoja tu, omba kambini nafasi ya kuingilia huku na kutokea kule, usilazimike kuifungua kwenye gari.

Pimamaji, kile kifaa cha kuonyesha kama karavani imekaa sawa, kiwe karibu na mlango: friji ya gesi haipoozi vizuri karavani ikiinama. Kila unaposimama, sogeza kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu. Kimoja kikiwa na joto kuliko vingine, breki inashika au beringi inakufa, usiendelee.

Na siku ya tatu pumzika: usisafiri, lala hapohapo usiku wa pili.