Maji ya kunywa Lushoto hadi Mtae: ubebe kiasi gani, uyatibu vipi

Mkuu umeuliza kwa matembezi ya Lushoto mpaka Mtae ununue filta au uchemshe tu, na ubebe lita ngapi begi lisikuumize. Ile milima naitembea kila nikipata nafasi na ninavyoona Usambara maji yapo kibao, cha kuangalia ni yametokea wapi.

Lita moja ni kilo moja, hapo hamna ujanja. Kuna watu wanaacha sweta nyumbani ili begi liwe jepesi halafu wanapanda na lita tano mgongoni, baridi ya msitu wa Magamba pale juu ya Lushoto ikiwakuta jioni wanatetemeka. Njia yote hiyo unapita vijiji, lita mbili kwa mtu zinatosha, ukifika penye bomba au chemchemi unajaza tena. Chombo chukua chupa za dukani za lita moja na nusu, hazina uzito wa maana, achana na zile za chuma. Mojawapo ifunge raba iwe ya maji ambayo hayajatibiwa tu, usizichanganye kabisa.

Sasa hapa nisome taratibu. Ukikaribia Lukozi, kijiji cha njiani kuelekea Mtae, mabonde ni mashamba ya mboga, kabichi, karoti, viazi, na mboga zile zinapigwa dawa. Filta ndogo ya kubebea inakamata bakteria na amiba lakini sumu ya shambani inapita nayo vizuri tu, klorini haiitoi, kuchemsha ndio usitegemee. Kwa hiyo mfereji unaotoka chini ya mashamba usichote hata kama maji yanang'aa vipi. Chota juu kabla ya mashamba, au salimia kina mama unaowakuta na ndoo uulize ya kunywa wanachota wapi, hilo watakuambia bila shida, na bado utayatibu maana ng'ombe na watu wapo kila mahali.

Kutibu mimi nagawa hivi. Jioni unapolala omba mwenyeji akuchemshie, mpe hela ya kuni au mkaa, yachemke kabisa kwa dakika moja, ukiwa juu ya mita 2,000 acha tatu, asubuhi unaondoka na chupa zimejaa na jiko hujabeba. Mchana tumia vidonge vya klorini, pakiti nzima ni nyepesi kuliko kiberiti, ila soma maelezo kwanza kwasababu vingi vya madukani kidonge kimoja ni cha ndoo ya lita 20, usianze kukikata kwa kukadiria, tafuta vya lita moja. Maji yakiwa na tope chuja kwanza na kanga iliyokunjwa mara kadhaa, uchafu unakula klorini. Subiri nusu saa, maji ya baridi sana ongeza muda, halafu legeza kifuniko na upindue chupa kidogo maji yapite kwenye nyuzi za mdomo, pale huwa panabaki maji ambayo dawa haijayafikia na watu wengi hawapagusi.

Filta kama bajeti inaruhusu nunua, ila haizuii virusi, na klorini nayo kuna vijidudu kama kriptosporidiamu haiviwezi, ndio maana maji nisiyoyaamini nachuja kwa filta kisha naweka kidonge.

Na ulivyosema mkitoka huko mnaenda Arusha upande wa Meru na mtoto, hapo ni habari nyingine kabisa. Maji ya sehemu nyingi kule, Ngare Nanyuki mfano, yana floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi yanaharibu meno na mifupa, kikomo cha WHO (Shirika la Afya Duniani) ni miligramu 1.5 kwa lita na kuna vyanzo vinavuka mbali sana. Kuchemsha kunaizidisha maana maji yanapungua yenyewe inabaki, filta yako haiigusi, kidonge ndio kabisa. Ngurdoto kuna kituo wanaitoa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, huo hubebi kwenye begi. Nyie wakubwa siku chache hazina shida, madhara yake ni ya kunywa muda mrefu, ila meno ya mtoto ndio yanatengenezeka sasa hivi, kama mtakaa huko wiki na wiki mnunulieni ya dukani, na kwenye chupa angalieni floraidi imeandikwa ngapi.