Kabla Hujamwacha Mbwa au Paka Wako Bwenini Ughaibuni

Ukiishi ughaibuni, mabweni ya wanyama, yaani mahali pa kumlaza mnyama kwa malipo ukisafiri, hayakosekani, na yote mtandaoni yanang'aa. Kinachokosekana ni shangazi wa kupita jioni kuchungulia, au jirani wa miaka mingi atakayekunong'oneza kwamba yule mlezi akilala halisikii hata bomu. Kwa hiyo usipime mahali kwa jinsi panavyopendeza mchana. Pima kwa swali hili: saa nane za usiku mnyama wako akianza kutapika, nani yupo pale, na ana ruhusa ya kufanya nini?

Anza wiki sita kabla ya safari, kwa sababu ya chanjo. Mbwa huhitaji chanjo za distempa, parvo (virusi vya kuharisha vibaya), homa ya ini na, sehemu nyingi, leptospira na kichaa cha mbwa. Juu ya hizo kuna chanjo ya kikohozi cha mabandani, kile kinachoambukizana mbwa wakikaa pamoja, na hapo ndipo wengi hukwama. Ile ya matone ya puani huhitaji siku tatu hivi kabla ya kuanza kukinga. Ile ya sindano, kwa mbwa anayeanza, ni dozi mbili zinazoachana wiki mbili hadi nne. Kumchoma jana na kumpeleka leo ni kupoteza pesa. Paka huhitaji chanjo ya panleukopenia, yaani parvo ya paka, pamoja na ya mafua ya paka, yaani virusi vya herpesi na kalisi. Ukikuta mahali hapaulizi kadi ya chanjo, geuza. Kama hawakukuuliza wewe, hawakumuuliza hata yule ambaye mbwa wake atalala ukuta mmoja na wako.

Kadi uliyotoka nayo nyumbani ipeleke kwa daktari wa wanyama wa huko uliko aihamishie kwenye hati za kwao. Hakikisha ile stika ya chupa ya chanjo, yenye jina la dawa na namba ya toleo, haijabanduka, maana bila hiyo huenda ukaambiwa uanze upya.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni chipu, kile kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya mnyama. Chipu ya kawaida ina tarakimu 15 tu ndani yake. Haionyeshi mnyama yuko wapi na haibebi namba yako ya simu. Simu yako imo kwenye daftari la usajili. Kama usajili ule bado una namba ya nchi uliyohama, mbwa akitoroka bwenini atapatikana na hutapigiwa. Mwombe daktari asome chipu kwa mashine, kisha sajili namba unayotumia sasa pamoja na ya mtu atakayebaki mjini.

Leseni hutofautiana nchi kwa nchi. England, anayelaza mbwa kibiashara, hata nyumbani kwake, lazima awe na leseni ya halmashauri, na huwekewa nyota kuanzia 1 hadi 5. Ujerumani kibali hutoka ofisi ya serikali ya mifugo, chini ya kifungu cha 11 cha Sheria ya Ulinzi wa Wanyama. Kwingine muulize daktari wako ni nani anayekagua. Leseni haithibitishi upendo, ila walau kuna mtu aliyewahi kuingia mle na kufungua milango.

Wewe nawe ingia. Kupangiwa saa ya kutembelea ni sawa, kwa kuwa wanyama huhitaji kupumzika. Kukatazwa kabisa kuona wanapolala si sawa. Ukiingia, vuta pumzi: harufu ya mkojo inayochoma macho ni mbaya, na manukato makali yanayojaribu kuifunika ni mabaya vilevile. Tazama bakuli za maji, uone kama zina utelezi wa kijani pembeni. Tazama kama kuna milango miwili ya kupita mmoja baada ya mwingine, ili wa kwanza ukifunguliwa wa pili uwe umefungwa. Mbwa wengi hutorokea mlango mmoja uliofunguliwa na mtu mwenye mikono iliyojaa. Paka wawe chumba chao, wasikoona mbwa, na kila mmoja awe na pa kujificha.

Uliza wanasafisha kwa dawa gani. Parvo hukaa kwenye sakafu kwa miezi na haifi kwa kila sabuni. Dawa ya klorini ya nyumbani inaiua, sehemu 1 kwa maji sehemu 30, ikiachwa dakika kumi, lakini baada ya uchafu kuondolewa kwanza, kwa sababu kinyesi huimaliza klorini nguvu. Mfanyakazi anayejua hilo atakujibu bila kusita. Kisha uliza: "Mara ya mwisho mnyama kuugua hapa, mlifanyaje?" Anayejibu kwamba hawajawahi kupata mgonjwa, ama ndio kwanza anafungua, ama anakudanganya.

Kwa paka, mara nyingi ni afadhali mtu aje kwako mara mbili kwa siku. Paka huumizwa na kuhamishwa kuliko upweke. Mlezi ajue mambo mawili: paka asiyekula kwa saa 24 apigiwe daktari, kwani ini lake huharibika akifunga siku chache, na paka dume anayeingia mchangani mara kwa mara bila kutoa mkojo ni wa kukimbizwa usiku huohuo.

Ukishachagua, mlaze usiku mmoja wa majaribio ungali mjini. Chakula kiwe kilekile chake, maana kubadilishiwa ghafla huweza kumharisha. Mbwa wa gramu 300 kwa siku, kwa siku kumi, ni kilo 3; ongeza gramu 900 za siku tatu, ndege isije ikakuchelewesha. Gawa kila mlo kwenye mfuko wake, kwa kuwa "kikombe kimoja" cha mtu si cha mwingine. Na kama mbwa wako amri anazijua kwa Kiswahili, andika "kaa", "njoo" na "acha" kwa matamshi ambayo mwenyeji ataweza kuyasoma. Mbwa anayeitwa kwa lugha asiyoijua huonekana mkaidi bure.

Mwisho ni barua ya ruhusa, kwa lugha ya hapo, yenye sahihi. Iseme daktari gani atumike, mlezi atibishe hadi kiasi gani cha pesa bila kukusubiri, na nani aamue ukiwa angani na simu imezimwa. Nakala ipelekwe kwa daktari mwenyewe pamoja na njia ya malipo. Bila hiyo, kliniki nyingine zitasita kumtibu mnyama aliyeletwa na asiye mwenyewe.

Akirudi, sauti kukauka kwa kubweka na kulala kutwa ni kawaida kwa siku moja au mbili. Kikohozi cha mabandani huweza kujitokeza hadi wiki mbili baadaye. Akianza kukohoa, usimpeleke bustanini penye mbwa wengine. Mpigie daktari kabla ya kwenda ili asikae chumba kimoja na wengine, na uwaarifu wa bwenini siku hiyohiyo.