"I use to": pale Kiingereza chetu cha Goma kinapojikwaa

Juzi msomaji mmoja wa Himbi kaniandikia: "Yaya, mwalimu amenikatia pointi kwa sababu niliandika 'I use to wake up at five'. Mimi naamkaka saa kumi na moja kila siku. Kosa liko wapi?"

Mdogo wangu, "used to" ni ya zamani tu. Desturi ya leo inatosheka na kitenzi chenyewe: "I wake up at five", na ukipenda utie "usually" katikati. Basi. Kwa "he" na "she" usisahau ile s ya mwisho.

Mimi haya sikuyapata darasani. Nilipoitwa kwenye mahojiano ya ukalimani katika shirika moja hapa mjini, tulikuwa wengi barazani tukingoja. Mwenzetu mmoja, diploma yake ndani ya faili la plastiki, akaniuliza Kiingereza nimesomea wapi. Nikamjibu: mtaani Birere, nikiuza unités za simu. Akacheka, kisha akawageukia wengine ili nao wacheke. Mpaka leo kinaniuma kicheko kile.

Ndani wakaniambia nisimulie utoto wangu. Nikaanza: "We used to have a shop before the lava came in 2002." Kisha nikashika "would": "My mother would open at six, and I would carry the makayabu" (wale samaki wa chumvi). Ndivyo inavyokwenda: "used to" inafungua hadithi, "would" inabeba yale mliyoyafanya tena na tena. Ila kuwa na duka ni hali, si tendo, kwa hiyo hapo "we would have a shop" haikubaliki. Wengi wetu tunanaswa hapo, maana Kifaransa cha shule kimetuzoeza imparfait, umbo moja la wakati uliopita, kwa yote mawili. Kazi niliipata. Yule wa faili sikumwona tena.

"I am used to" ni jambo jingine kabisa, ni kuzoea: "I am used to waking up early." Na ukikanusha ya zamani, d inaondoka: "I didn't use to."

Vijana, acheni kukariri orodha za vitenzi halafu mnaogopa kufungua mdomo! Simulieni maisha yenu. Andika mtaa wako ulivyokuwa kabla volkano yetu ya Nyiragongo haijalipuka Mei 2021: nani aliishi wapi, watoto walichezea wapi. Chini yake andika siku yako ya leo kwa kitenzi kitupu. Halafu soma kwa sauti, hata kama mnalala watano chumbani.